Siku Mabeki Walipokwenda Kuamia Ndege

Habari ya msiba ilinifika asubuhi, chai bado ya moto mkononi, na aliyenipigia simu ni shemeji yangu wa Kibiti. "Yule Nyavu wa Maparoni hatunaye," alisema. Kabla hata sijamaliza kusema inna lillahi, nilishapandwa na hasira. Mtu amekufa, maiti yake haijaoshwa, na bado anaitwa Nyavu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa safu hii haitaji majina ya watu, na leo sitaivunja desturi hiyo. Ila marehemu alikuwa na jina zuri alilopewa na babake, na kwa muda mrefu sana hakuna aliyemwita kwalo isipokuwa mama yake. Alikuwa amezidiwa akiwa kwenye dungu lake shambani, akilinda mpunga. Wakambeba hadi kwenye boti, lakini maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa juu ya tope. Wakati maji yanarudi, yeye alikuwa ameshatangulia.

Jina la Nyavu lilitokana na mechi moja tu, fainali ya kugombea mbuzi, iliyochezwa kitongojini kwao. Wageni walikuwa vijana wa Kibiti mjini, na mimi nilifuatana nao. Ulikuwa msimu ambao mpunga umetunga maziwa. Kila anayelima huku delta, mto unapoingia baharini, anajua maana yake: ndege hushuka makundi kwa makundi asubuhi na jioni, na asiyekuwepo shambani kuwaamia, kuwapigia madebe na kuwarushia madongo, atavuna makapi. Kwa hiyo wenyeji walipanga mechi ichezwe mapema mchana, iishe kabla ndege hawajashuka. Hesabu yao ilikuwa nzuri, ila hawakukumbuka kwamba sisi watu wa barabarani hatuyajui maji. Tulichelewa kuondoka, maji yakatukimbia, na boti yetu ikakwama topeni mahali ambapo tuliweza kuyaona magoli kwa macho. Aliyekuja kutuokoa ni golikipa wao, ndiye marehemu huyu. Alikuja na kimtumbwi, akikiburuta kwenye tope lililomfika magotini, akatutoa kwa mafungu huku akitutania kwamba tunajua kupanda mabasi tu.

Mpira ulianza jua likiwa limeshainama. Hadi mapumziko wenyeji walikuwa mbele kwa bao moja, na kipindi cha pili kilipoanza nikasimama nyuma ya goli la marehemu. Ghafla kundi la ndege likapita juu ya uwanja na kututia kivuli. Mara madebe yakaanza kulia mashambani, wanawake wakiita waume zao. Beki wa kulia akamgeukia kipa, akasema, "Nakwenda narudi," akatoka mbio na jezi yake mwilini. Wa kushoto akamfuata. Wa kati nao wakatazamana, wakaondoka pamoja. Nahodha hakumzuia mtu, maana hata yeye macho yake yalikuwa upande wa shamba. Wakaingizwa washambuliaji wa akiba, watu wasiojua kukaba hata kidogo. Kipa naye alikuwa na shamba, na kwenye dungu lake alikuwepo mama yake peke yake, na mama huyo hakuwa na mbio wala sauti ya kutisha ndege. Lakini alibaki golini. Vijana wetu wakawa wanamjia watatu kwa pamoja na mbele yake hakuna mtu. Alizuia kwa kifua, alizuia kwa miguu, mkono wa kushoto ukateguka akaendelea na mmoja. Tulimfunga manne, tukaondoka na mbuzi. Jioni ile ile ndege walikuwa wameumaliza mpunga wa mama yake.

Nilikuwa bado pale mabeki waliporudi kutoka mashambani. Wa kwanza kuuliza matokeo alikuwa yule wa kulia. Akaambiwa. "Manne?" akasema. "Kwani golini alikuwepo nani, au nyavu tupu?" Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomzika, miaka mingi kabla ya kaburi. Kulipokucha hadithi ilikuwa imeshanenepa. Mtu akakumbuka kwamba kipa ndiye aliyetuvusha, tena akicheka na sisi mtumbwini. Basi ikawa ameuza mechi. Hakupangwa tena kwenye timu. Alikuwa amechumbia, posa ikarudishwa, na mshenga hakuficha sababu: mzee wa binti hataki mkwe msaliti. Nilijaribu kuwaeleza watu nilichokiona, nikajibiwa kwamba mie wa Kibiti, mbuzi nilimla, nitasema nini kingine.

Baada ya miaka nilimkuta mashineni Kibiti, ameleta mpunga kukoboa. Tukakaa juu ya magunia. Nikamuuliza kama anawachukia wale mabeki.

"Siwachukii, ndugu yangu. Mpunga ule ndio watoto wao. N'ngekuwa na watoto mie, n'ngekwenda vilevile." Akapangusa pumba usoni. "Nataka mmoja tu akae barazani aseme, siye tulitoka. Basi. Aseme na mama asikie."

Mama yake alifariki bila kusikia.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu simu ile. Bao likiingia, anayeonekana ameanguka chini ni kipa. Waliotoka hawaonekani, na kwa kuwa hawaonekani, hakuna wa kuwauliza. Tunafanya hivyo kila siku na wala hatuoni haya. Mgonjwa akifia zahanati, tunamtukana muuguzi aliyekesha naye, hatuwaulizi waliochelewesha dawa wala sisi wenyewe tuliomweka mgonjwa ndani hadi akashindwa kuongea. Watoto wakifeli, tunamsema mwalimu aliyebaki, si wale walioomba uhamisho. Kosa letu kubwa ni kwamba tunamhukumu mtu kwa sababu alikuwepo. Na tukiendelea hivi, sijui nani atakubali kubaki.

Nilifika Maparoni kabla ya mazishi. Mpunga ulikuwa umetunga maziwa tena. Baada ya kumswalia, imamu akatuuliza kama ilivyo ada tunamshuhudiaje marehemu, nasi tukajibu kwa sauti moja, "Mtu mwema." Nikawaangalia wale mabeki, ndevu zao sasa nyeupe, nao walijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Jeneza walilibeba wao, wakakataa kupokewa hadi makaburini. Beki wa kulia akashuka kaburini kumpokea na kumlaza. Alipotoka na kaburi likafukiwa, akabaki amesimama na jembe mkononi, akasema taratibu, hata sijui alikuwa akimwambia nani, "Siye tulitoka."

Hakuna aliyemuuliza walitoka wapi. Watu wakainamisha vichwa, mimi nikashindwa kuzuia machozi, na yalikuwa ya uchungu zaidi kuliko ya huzuni. Neno hilo dogo mtu alilisubiri akiwa kijana, akalisubiri hadi akazeeka bila mke, na limekuja juu ya udongo. Msomaji wangu, kama unalo neno la kumrudishia mtu jina lake, mpelekee leo nyumbani kwake, angali anasikia, na wazazi wake wangalipo.

Dua ikasomwa, ikaisha. Kundi la ndege likapita juu yetu, na madebe yakaanza kulia mashambani. Mabeki wakatazamana, wakachukua majembe yao, wakaondoka mbio. Kipa akabaki.