Gundi ya Tiara Niliyobandikia Viatu Vyangu

Kosa lilikuwa langu, tena nililifanya mchana kweupe, nimeshiba, wala hakuna shetani aliyenisukuma. Siku ile nadhani shetani alikuwa na shughuli zake.

Mimi ni fundi baiskeli, Makorora, tangu enzi za foleni. Enzi zile tyubu mpya hupati hata uombewe msikitini na kanisani kwa pamoja. Tuliziba tyubu kwa vipande vya tyubu nyingine mpaka viraka vikawa vingi kuliko tyubu yenyewe. Nikajiona profesa. Nilikuwa nikitamba kwamba hakuna kinachovuja upepo kikanishinda.

Aliyenibeba miaka ile ni Mzee Shabir, Mhindi wa mtaa wa pili, mwenye duka la vipuri. Alikuwa akinifichia solusheni ya kuzibia pancha chini ya magunia, wakati kuficha hata mche wa sabuni kungeweza kumtupa ndani kwa uhujumu uchumi. "Chukua, fundi wangu," ananinong'oneza, "watu waende kazini."

Basi ruksa ya biashara ikaja, maduka yakajaa, miaka ikasonga. Binti yake, Nasrin, aliyekuwa akisoma Ulaya, akarudi likizo na tiara. Usidhani ni ile ya watoto ya karatasi na njiti. Hii ilikuwa kubwa kama paa la kibanda changu, inamvuta mtu baharini amesimama juu ya ubao. Mbele ina mrija mnene unaojazwa upepo kwa pampu. Mrija ukinywea, tiara inadondoka, nawe unabaki katikati ya maji na elimu yako ya Ulaya.

Valvu ya mrija ule ilikuwa imeanza kubanduka na inavuja. Akaniletea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, plastiki hii haishiki solusheni ya baiskeli. Nimekuja na gundi yake. Isafishe kwa spiriti, paka gundi, kandamiza, halafu iache siku nzima ikauke. Jumapili naenda nayo ufukweni Raskazone."

"Binti, mimi nimeanza kuziba upepo wewe hujazaliwa."

Alipoondoka nikaifungua ile gundi, nikainusa. Gundi ya heshima. Na pale pembeni viatu vyangu vya shughuli vimeachama soli, Jumamosi shemeji yangu anaoa Maramba. Mtu aliyekulia kwenye foleni akiona kitu kizuri haulizi ni cha nani. Nikavibandika viatu vyote viwili, nikaimaliza mpaka tone la mwisho.

Valvu nikaipaka solusheni ya baiskeli, nikaibandika kiraka, robo saa kazi imekwisha. Nikaijaza upepo, nikapaka mate pembeni. Kipovu kidogo kikachungulia. Nikakiambia kitajiziba chenyewe.

Maramba nilicheza mpaka wakwe wakaona haya.

Jumapili nilikwenda Raskazone kutazama kazi yangu, na nikawaambia watu wote ufukweni kwamba fundi ni mimi. Nasrin akapaa. Wallahi alipendeza, anakata maji huku na huku, watu wanapiga vigelegele, Mzee Shabir amejishika kifua kwa hofu na fahari. Halafu tiara ikakunjika katikati, ikaanguka. Upepo na maji vikamsukuma upande wa mikoko, mbali.

"Upepo umegeuka," mtu akasema.

Mimi nilijua upepo haujageuka.

Mzee Shabir hajui kuogelea. Aliingia baharini na shati lake na kalamu mfukoni, maji yakamfika kidevuni, anamwita mwanawe, ikabidi tumvute nyuma watu watatu. Nilimshika mkono wa kulia.

Mashua ya injini ilimkuta Nasrin ameng'ang'ania mizizi ya mikoko, miguu imechanwa na chaza. Akarudi amefungwa khanga, damu inamchirizika, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuchomoa ule mrija. Kiraka kilikuwa kinaning'inia kama sikio la mbuzi.

"Fundi, hii ni solusheni ya baiskeli."

"Gundi yako ilikuwa mbovu, mwanangu. Niliipaka yote."

"Si kweli. Unadanganya."

Baba yake, maji yanamtiririka, akamgeukia. "Nasrin! Usimvunjie heshima mtu mzima. Fundi huyu namjua miaka ishirini. Mwongo ni wewe, unayeharibu vitu halafu unatafuta wa kumsingizia."

"Baba, nilikuwa nakufa kule."

"Na bado unasema uongo."

Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Mdomo ninao, na kawaida haufungi. Siku ile ulifunga.

Nasrin alirudi Ulaya kabla likizo haijaisha. Hakupiga simu wala kuandika. Mzee Shabir akawa anakaa dukani akiitazama simu, na mimi napita kila asubuhi, "Shikamoo mzee," natembea zangu.

Nilivumilia miezi saba. Wa nane nikaingia dukani nikamweleza yote, viatu, kipovu, kila kitu. Alikuwa anapanga spoki. Hakunipigia kelele. Aliendelea kuzipanga mpaka zikaisha, ndipo akasema, "Nilimwita mwanangu mwongo kwa ajili yako."

Alimwandikia. Mimi pia nilimwandikia. Yeye alijibiwa baada ya muda mrefu, barua fupi. Mimi sikujibiwa, na sidai.

Dukani kwake bado naingia. Ananiuzia ninachotaka, ananifungia vizuri kwenye gazeti. Ila zamani alikuwa akiniita "fundi wangu." Siku hizi ananiita "mteja."

Kwa hiyo wewe fundi mwenzangu, ukiharibu, na utaharibu, sema palepale, mbele ya waliopo. Aibu yake ni ya jioni moja tu. Ukingoja, utakuja kusema siku ambayo ukweli wako hauna wa kumfaa.