Vidonge Vilivyomtia Njaa Lebeya

Lebeya Sundi alirudi kutoka kwenye tanuri la matofali alikokuwa kibarua, akiwa amepakiwa kwenye baiskeli ya shemeji yake, maana miguu ilikuwa imemgomea. Tangu ujana alikuwa mtu wa mbavu nje, kama wanaume wengi wa vijiji vya Chaibasa, India, wanaoshindia wali kwa mboga za majani. Kituo cha afya kilipima makohozi yake, kikasema ni kifua kikuu, kikampa vidonge.

Homa ilishuka. Kisha njaa ikaja, njaa ambayo hakuwahi kuijua. Nyumbani kulikuwa na chungu kimoja cha wali na watoto watatu. Lebeya akaanza kuvifukia vidonge nyuma ya nyumba.

Kuku ndio waliovifukua. Mkewe, Jasmati, akaviokota na kuja navyo mkononi.

"Baba Gurbari, una akili kweli? Unataka niwe mjane?"

"Nikivimeza nasikia njaa."

"Si ule!"

"Nile nini? Nile cha Gurbari?"

Jasmati akaenda kumwita Sukumati, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuja na kuketi kizingitini bila kukaribishwa.

"Shemeji, dawa inaua wadudu tu, haikujengei mwili," alisema. "Na mwili mtupu ndio uliowakaribisha. Hawa watoto nao umewaona mikono yao? Ukiacha dawa, utawaambukiza, na hawana cha kupigania."

Alisema wagonjwa hupewa mchele, dengu, mafuta na maziwa ya unga, ila mgawo ungechelewa kidogo. Wakati anaongea, Jasmati alikuwa akimtazama jogoo aliyefungwa mguu chini ya paa. Alikuwa jogoo wa kupigana, hajawahi kushindwa gulioni, na Lebeya alikuwa akimmegea wali wake mwenyewe.

"Huyu anashiba, mwenye nyumba anakauka," Jasmati alisema, akachukua kisu.

"Mama Gurbari, usithubutu!"

"Nizuie basi. Simama."

Hakuweza kusimama. Akageukia ukuta mpaka makelele yalipokwisha. Jioni alisukuma bakuli kando mara moja, kisha akalivuta, akanywa mchuzi wote na kuuliza kama umebaki mwingine.

"Bingwa wetu kaingia tumboni," shemeji yake mwenye baiskeli alicheka. "Sasa pigana wewe."

Mgawo ulipofika, Jasmati alipika chungu kikubwa, wakala wote pamoja. Lebeya alimeza vidonge mbele ya mkewe kila siku, akinung'unika, hadi vikaisha. Mashavu yakajaa. Msimu wa mvua ulipoanza alilima kishamba chao mwenyewe, akipumzika mara kwa mara.

Mwaka uliofuata mtoto wao mdogo, Rengo, alianza kukohoa. Jasmati hakungoja homa. Alimbeba siku hiyo hiyo hadi kituoni. Mtoto alikuwa nao ugonjwa, lakini safari hii ulimkuta ana nyama mwilini, akapona bila kulala kitandani. Lebeya hakurudi tanurini. Jogoo mwingine hakufuga.