Fremu Zilizozidi Vidole Viwili

Sisi wa rika langu tuliokulia Nyakach hatukuagiza mzinga kwa simu. Nawatazama vijana wa leo, mwanangu akiwa wa kwanza, wanaoagiza fremu kutoka Nairobi huku wamelala kitandani, na zikifika wanazitumbukiza sandukuni, zinakaa kana kwamba zilizaliwa humo. Enzi zetu kila fundi alikuwa na inchi zake. Fremu ya Katito haikuingia sanduku la Sondu, na ukilazimisha, nyuki ndio waliokuadhibu. Pengo likizidi walijenga masega ya ovyo, yamepinda huku na huku. Likipungua walilibandika kwa gundi yao mpaka ufungue kwa panga. Kwa hiyo kila mwenye nyuki alikuwa na kijiti cha kipimo, ufito uliokatwa sawasawa na mti wa juu wa fremu zake. Aliutunza kuliko kitambulisho.

Mama yangu alikuwa na mizinga sita. Mwalimu wa kilimo alikuwa amekifundisha kikundi chao cha akina mama, na wenzake walipochoka kuumwa, yeye aliendelea. Nakumbuka harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe makavu kwenye nguo zake, na sisi watoto tukitoka kuruka kamba ya mpira tuliyoiita blada, magoti yakiwa na vumbi, tukigombania vipande vya sega baada ya sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe. Tulitafuna nta kutwa nzima, hata darasani, na mwalimu akitukamata tuliimeza. Sijui matumbo yetu yalikuwa ya nini. Watoto wa siku hizi wakiona mguu wa nyuki kwenye asali wanauliza kama imepimwa na serikali.

Nilipokuwa darasa la nne, mama alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Baba alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho na alifika tu kuzika. Fundi Ouko wa Katito alikuja na ufito, akampima mtoto pale alipolazwa, akaondoka, akarudi na kisanduku ambacho mtu mmoja alikibeba kwapani. Kwetu, ufito uliompima maiti huvunjwa vipande viwili na kushuka naye kaburini, usije ukapima mwingine. Nilimwona mama akitupa vipande viwili mle shimoni. Kila mtu aliona.

Baada ya hapo mama alinyamaza. Hakuwa mkali wala hakulia. Alikuwa tu hayupo. Alipika, akafua, akapita kati yetu bila kututaja majina. Wadogo zangu wawili walianza kuniita mimi wakijikwaa. Kila nilipolala niliomba kitu kimoja tu, mama arudi.

Ndiyo maana nilifurahi asubuhi moja aliponitazama usoni. Nondo walikuwa wamekula masega ya mzinga mmoja, na fremu zake zilikuwa zimeoza.

"Achieng', peleka kijiti kwa fundi Ouko," alisema. "Akate fremu kumi. Iko kwa paa ya jikoni."

Nikapanda kinu, nikaingiza mkono kwenye nyasi za paa, nikavuta ufito wa kwanza nilioupata. Sikujua kwamba fito zilikuwa mbili.

Kibanda cha fundi Ouko kilikuwa na vitanda upande mmoja na majeneza upande mwingine, na ulipita katikati ukikunja mabega. Aliupokea ufito, akapitisha kidole gumba pembeni mpaka kikasimama kwenye alama ya penseli. Ilikuwa alama yake mwenyewe.

"Mama ndiye amekutuma na hii?"

"Ndiyo."

"Mama mwenyewe?"

"Mama mwenyewe."

Hakuuliza tena. Alikata fremu zote kumi akiwa amenipa mgongo, na kila nilipojaribu kusogea nione, aliniambia nikae nje. Nilipoondoka na mzigo wangu alinirudishia ufito akiwa ameufunga kwa gazeti.

Nyumbani mama alijaribu fremu ya kwanza. Haikuingia, ilikaa juu ya sanduku, imezidi vidole viwili. Akajaribu ya pili, ya tatu. Nikadhani atanikemea kwa kupoteza mbao. Badala yake aliinua moja, akailaza kwenye mkono wake, ncha moja kwenye kiwiko, nyingine akaishika kiganjani. Akasimama hivyo. Kisha akafungua lile gazeti.

Bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita Dana, alitoka nyumbani kwake na kuuona ufito. Alielewa kabla yangu.

"Ile ulitupa kwa kaburi ilikuwa ya nini?"

"Kijiti cha kuni," mama alisema. "Hii ndiyo urefu yake. Ningebaki na nini?"

"Choma hizo mbao. Na hiyo kijiti. Kitu imepima maiti haiwezi kaa kwa boma, itatafuta mwingine."

Dana alisema hivyo akiniangalia mimi na wadogo zangu. Tangu siku hiyo niliogopa kulala nimenyooka. Nilijikunja mpaka magoti yakagusa kidevu, nisije nikalingana na kitu chochote.

Mama hakuchoma. Kesho yake alikwenda Katito mwenyewe, akarudi na sanduku jipya kichwani, lililotengenezwa kufuata fremu zile. Aliliweka nyuma ya nyumba, karibu na kaburi dogo. Kwa kawaida sanduku tupu hupakwa nta ndani ili nyuki wavutiwe, na bado unaweza kungoja miezi. Hili hakulipaka chochote. Siku ya tatu lilikuwa limejaa, na hakuna aliyeona kundi likija.

Hapo ndipo nilipompoteza kabisa. Kila alasiri alikaa chini, akaegemeza sikio ubaoni, akasema nalo kwa sauti ya chini, maneno yale ambayo sisi hatukupewa. Nyuki walitembea shingoni mwake bila kumuuma. Uji uliungua, mdogo wangu aliugua malaria, Dana akampeleka kliniki, na mama hakuuliza. Nililichukia lile sanduku. Na kosa lilikuwa langu, maana mkono uliovuta ufito ulikuwa wangu.

Mvua ndefu zilipokaribia kwisha, sanduku lililia.

Sisemi lilivuma. Nilikuwa nikianika nguo nikasikia sauti nyembamba, tiii, tiii, tiii, inakatika na kuanza tena. Dana aliisikia pia akaketi pale pale kwenye majani mabichi. Leo najua kwamba malkia wachanga hulia hivyo kabla kundi halijahama, na anayetaka kuzuia hufungua mzinga na kuponda vyumba vyao. Mama alijua hayo tangu wakati ule, alikuwa amefundishwa. Alikuja na moshi na kisu, akainua kifuniko, na kilio kikatoka wazi.

Alisimama na kisu. Angekata, wangebaki. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilisema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Mama, wacha aende."

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimetoka safari. Kisha akarudisha kifuniko.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, kundi lilitoka. Lilizunguka juu ya kaburi, giza likapita uani kwetu mchana ule, halafu likashuka upande wa ziwa. Mama aliuvunja ufito kwenye goti, akachimba kwa mikono, akavizika vipande viwili pale vilipotakiwa. Akanawa.

"Achieng'," aliniita, "mmekula?"

Nililia sana. Bado naweza kulia nikikumbuka.

Sasa naishi Nyamasaria, nina mizinga kumi na minne, na fremu ya mzinga wowote inaingia mzinga mwingine. Ni rahisi, sikatai. Mwanangu hupima kila kitu kwa tepu, anaiachia, inajirudisha yenyewe, na hakuna anayejiuliza ilipima nini jana. Hatuogopi tena, na sina hakika kama ni afadhali. Juzi, tukibadilisha fremu, aliniuliza habari za bibi yake, "Mathe, zile za shosho zilikuwa size gani?" Nikanyoosha mikono kumwonyesha. Mikono ikajikunja yenyewe, kiganja kimoja kikaenda kushika kichwa cha kichanga asiyekuwepo, nami nikabaki nimesimama hivyo mbele ya mtoto wangu, nisiweze kuishusha.