Ndiyo, Daktari

Miaka ile kambi ya Benaco ilipofurika wakimbizi, wauguzi wengi walihamia huko, nasi wanafunzi wa utabibu tukapelekwa kuziba mapengo vijijini. Mimi niliangukia kituo cha afya upande wa Kasulo, huko huko Ngara. Nilikuwa nimeshafeli mara moja somo la kuzungumza na mgonjwa. Nikifeli tena, narudia mwaka. Kuzungumza! Mimi niliyepigwa viboko kwa domo tangu darasa la kwanza!

Siku ya mtihani aliingia bibi mmoja mkulima, cheti cha kliniki mkononi. "Shikamoo, daktari," akasema. Nami, kwa ujinga wa koti jeupe, nikaitikia marahaba. Mkufunzi wetu, mama asiyecheka bure, alikohoa kule kwenye kona. Nikainamia fomu.

"Unaumwa kichwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Unaharisha?"

"Ndiyo, daktari."

Nilifurahi mno. Mgonjwa mwenye kila kitu! Sikujua kwamba kwa wazee wa Ngara, kumkatalia msomi mbele ya watu ni kukosa adabu. Nikateremka na fomu hadi mstari wa mwisho.

"Una mimba?"

Bibi alitazama sakafu, akafikiri. "Ndiyo, daktari."

"Ya miezi mingapi?"

"Utakavyoona wewe, daktari."

Nikaandika minne. Mkufunzi akasogeza kigoda, akamwamkia bibi, akauliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza.

"Nyumbani si pazuri, mwanangu," bibi akasema hatimaye. "Mzee wangu anatetemeka kwa homa. Nimemwacha hapo nje kwenye benchi. Cheti hiki ni chake."

Nilitoka mbio. Mzee alikuwa amejikunja chini ya dirisha, mwili unawaka, na alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mke wangu ana mimba, eti? Nikifa, utailea wewe?"

Ilikuwa malaria kali. Tulimtundikia dripu ya kwinini, nami sikubanduka kitandani pake. Mkufunzi akasema atasaini kitabu changu cha mtihani kuwa nimefaulu siku nitakapojifunza kunyamaza.

Siku ya tatu nilimkuta bibi kwenye benchi lile lile. Nikamwamkia mimi kwanza.

"Mzee anaendelea vizuri?"

"Ndiyo, daktari."

Nikaketi kando yake, nikanyamaza mpaka alipoanza kusema.