Sweta Nne Juani Malaba

Leo forodhani Malaba, msichana kutoka Khunyangu, upande wa Kenya, anayewapelekea wakimbizi walio Uganda nguo za msaada alizuiwa na ofisa, yeye na magunia yake.

"Dada, hii ni mitumba. Lipa ushuru ama urudi nayo."

"Na nguo mtu amevaa, boss?"

"Hiyo hailipiwi."

Msichana akageukia foleni. "Akina mama, nani atanivalia moja avuke nayo?"

Wachuuzi wenzangu, ambao huvusha vitenge vyao hivyo hivyo kila siku, walicheka, wakavaa. Mimi nilivaa sweta nne, saa sita mchana. Ofisa alitutazama tukipita tumefura.

Tulipovua ng'ambo, msichana alisema, "Kesho twende kwa mkubwa wa forodha. Nguo za wakimbizi zisishikwe tena."

Tuliitikia wote, jasho likitutiririka. Mkubwa huyo ajiandae: aliyezoea kuja na magunia sasa anakuja na soko zima.