Waya Uliofunga Turubai

Mpaka leo nikiona turubai la sherehe, damu inanichemka.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa ughaibuni, na mama, kwa miguu yake iliyovimba, hata kufika Iringa mjini ilikuwa kazi. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Ipogolo, simu inatosha kuongea tu, video hugoma. Ila zahanati ya jirani ina faiba, ule waya wenye uzi wa kioo ndani, na mganga mfawidhi alikubali kutugawia intaneti. Mimi kazi yangu huku Mbeya ni kutandaza nyaya za kompyuta maofisini. Nikamwambia mama ataiona harusi kwenye televisheni yake.

Nilinunua waya wa shaba wa nje, mweusi, wenye ganda gumu. Wa kijivu, wa ndani ya nyumba, ni wa bei nafuu, lakini jua na mvua huula upesi. Niliupitisha juu ya miti kutoka zahanati hadi sebuleni, nikajaribu, picha ikaja safi. Mama akapiga vigelegele peke yake.

Siku yenyewe ndugu na majirani walikuja kusherehekea uani kwa mama, na upepo ulivuma. Ibada ilikuwa ndiyo inaanza, mama kashafunga kilemba, picha ikakatika. Nikatoka mbio kuufuata waya. Kipande kizima cha katikati hakikuwepo. Kilikuwa kimefunga nguzo za turubai la wageni, na mjomba, kaka yake mama, amesimama pembeni na panga.

"Mjomba, umekata waya wa mama!"

"Aa, waya si waya tu, mpwa wangu? Kamba ziliisha. Na huu mgumu kwelikweli, ona, turubai halitikisiki!"

Nilitaka kumrukia. Nikayavamia mafundo, lakini nyuzi za shaba zilishavunjika ndani kwa kukunjwa, na kipande kingine cha kuungia sikuwa nacho. Nikapiga kelele. Mama akaniita kutoka mlangoni.

"Usimfokee mjomba wako mbele ya wageni."

Akarudi kuketi mbele ya televisheni iliyozimika, na kilemba chake.

Jioni mdogo wangu akapiga simu, analia na kucheka.

"Mama, uliniona nilivyogeuka nikakupungia?"

Mama alinitazama kwanza.

"Nilikuona, mwanangu. Nami nikakupungia."

Nje, mjomba alikuwa anaomba aongezewe nyama.