Ndoo na Mtanga

Saa tisa alasiri, mtaa wa Mkomani umetulia. Bwana Wazir Famau amekaa kigodani mbele ya mlango wa nakshi ambao ubao wake mmoja umeungua, ni mweusi kama sufuria la kuni. Mapajani amepakata taa ya karabai. Ametoka kuijaribu, na hajaiongeza mafuta bado. Anaiinua, anaigusisha shavuni kama mama anayempima mtoto homa, kisha anaiweka chini.

"Haiyapoa," anasema. "Zamani nalikuwa nikiigusa kwa kidole tu. Kidole ni mrongo."

Kwa miaka kumi na minane, fundi huyu wa Lamu mwenye umri wa miaka arubaini na sita amekuwa akitengeneza na kukodisha karabai. Hakuna harusi kubwa mjini ambayo hakuiwashia taa. Mwaka jana, 1956, usiku wa Maulidi aliwasha taa thelathini na nane, na hakuna hata moja iliyozimika kabla ya dua ya mwisho. Jambo hilo hulitaja mara nyingi. Mara nyingi mno, kwa kweli, lakini nani asingelitaja?

Maulidi ya mwaka huu yamebaki mwezi mmoja, na Bwana Wazir hajui kama atawasha hata taa moja.

Sababu iko kwenye ule mlango. Chumba cha chini anamoweka madebe ya mafuta ya taa ni cha Bi Umulkheir, mjane anayeishi ghorofani. Mlango ulichongwa na baba mkwe wa mjane huyo. Baada ya moto wa mwezi wa Juni, Bi Umulkheir alimpelekea fundi ujumbe mfupi: mafuta yatoke ndani ya nyumba kabla ya Maulidi. Mtaani hapana mwenye nyumba mwingine aliye tayari kuyapokea, na majirani wamekwisha kusema hivyo bila kuficha.

"Siwalaumu," anasema Bwana Wazir. "Mamangu akiwasha mafuta ya simsim kwenye kibia cha udongo. Nuru yake ndogo, huoni hata uso wa mwenzio, lakini sikumbuki nyumba iloungua. Mafuta haya ya taa yana nuru ya ajabu, hayajali pepo za bahari. Lakini yana hasira."

Hasira hiyo ilionekana siku ambayo alijaza karabai iliyokuwa bado moto. Mafuta yalishika moto, debe likapinduka, sakafu ikawaka. Ng'ambo ya kichochoro alikuwa Bwana Ridhwani, fundi cherehani wa makamo kutoka Tanga, ambaye alikuwa na siku tisa tu Lamu. Bwana Wazir akampigia ukelele: "Ndoo na mtanga! Ndoo na mtanga!"

Kwa Kiamu, "ndoo" ni njoo, na "mtanga" ni mchanga. Alikuwa anamwambia aje na mchanga, kwa sababu moto wa mafuta hauzimwi kwa maji.

Bwana Ridhwani alisikia lake. "Mimi ni mtu wa Tanga," anaeleza, macho yakiwa kwenye cherehani. "Nilisikia, 'Ndoo, we Mtanga!' Nikasema, huyu bwana amenijuaje? Nikachukua ndoo ya maji, nikamwaga yote."

Maji yaliyabeba mafuta yanayowaka hadi mlangoni. Kibanda cha makuti cha mbele kikateketea kabla majirani hawajafika na mchanga. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Bwana Wazir aliungua mkono wa kushoto, na kovu lake linafika kwenye kiwiko.

Watoto wa mtaa sasa humwita fundi cherehani "Ndoo". Yeye hucheka nao, lakini anakiri kwamba wiki mbili za mwanzo alifikiria kufunga mzigo arudi kwao.

"Kosa la kwanza ni langu," anasema Bwana Wazir. "Lake ni la pili. Yeye alikuya kusaidia."

Tangu siku hiyo kazi imepungua. Hukodisha kila karabai kwa shilingi mbili kwa usiku, na karibu nusu yake huliwa na mafuta. Zamani alitoa taa kumi na moja kwa wiki. Wiki iliyopita alitoa tatu.

Wapo wanaomwambia asihangaike, kwa kuwa mafuta yenyewe yanapitwa na wakati. Mmoja wao ni Mwalimu Abdulghafur wa Faza, ambaye akija mjini hukaa hapa barazani na gazeti lake.

"Uingereza wamefungua mtambo wa umeme wa atomiki," anasema mwalimu. "Hauna moshi wala masizi. Huhitaji kungoja jahazi lilete madebe kutoka Mombasa. Kijiwe kidogo cha madini ya urani hufanya kazi ya shehena nzima ya makaa."

"Na jivu lake?" anauliza Bwana Wazir.

"Taka zake ni chache, lakini zina sumu. Huzikwa, na sumu hiyo hudumu miaka mingi mno."

"Na ndiyo hiyo ilochoma miji ya Japani?"

"Ni nguvu ile ile. Kule mtamboni imetiwa lijamu."

Bwana Wazir anatazama kovu lake. "Mafuta haya yalinishinda siku moya tu, na mtanga wayazima. Hiyo yako ikikata lijamu, Mwalimu, mtanga gani utaizima?"

Mwalimu anakunja gazeti.

Ndipo sauti inapotoka ghorofani, nyuma ya dirisha lililofungwa. "Wazir! Ndoo!"

Fundi anaingia, anasimama chini ya ngazi. Bi Umulkheir hajitokezi, lakini maneno yake yanasikika mpaka nje.

"Madebe yaweke kiwanjani kwangu, kule pwani. Hapa nataka debe moya tu, na pipa la mtanga lisitoke mlangoni."

"Na mlango, Bi? Nimtafute mtongaji?"

"Uwate vivyo hivyo na weusi wake. Kila uyazapo taa mafuta, uuone."

Bwana Wazir anatoka na ufunguo wa lango la kiwanja mkononi, aliorushiwa kutoka juu ya ngazi. Macho yamemlowa na hayafichi. Anasema atajenga ghala la mawe huko pwani, sakafu yake mchanga mtupu, na usiku wa Maulidi anataka taa arubaini, mbili zaidi ya mwaka jana.

Anaiinua ile karabai, anaiweka tena shavuni.

"Imepoa," anasema. Anahitaji mtu wa kumshikia mrija wa kumiminia, maana mkono wa kushoto haujapata nguvu. Anageuka kichochoroni. "Ndoo, Mtanga!"

Bwana Ridhwani anainuka kwenye cherehani yake, na safari hii anakuja mikono mitupu.